Siku Timazi Alipoamka Kijana

Pale Ngara mjini, ukitoka stendi na kushuka kidogo kuelekea sokoni, kuna benchi la mbao za mkaratusi lililosogezwa ncha moja hadi kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Benchi hilo lina utaratibu mkali kuliko wa viti vya kanisani: upande wa ukutani wanakaa waliovuka sabini, katikati waliovuka sitini, na mwishoni, pale penye msumari, anakaa yeyote asiyeionea huruma suruali yake. Mbele yao Odeta anauza kahawa, birika juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo kwenye beseni la maji. Wazee wa hapo hukutana kila siku isipokuwa Jumapili, na Jumapili hukutana baada ya misa. Wanajua kila kitu. Wasichokijua hukibishania mpaka kikajulikana.

Timazi alikuwa mmoja wa watu wa ukutani. Jina lake la ubatizo ni Privatus, lakini kwa miaka arobaini alishika mwiko wa uashi na timazi ya kunyooshea kuta, na hakuna ukuta wake uliowahi kuinama, basi watu wakampa jina la kifaa chake. Jumatatu alilala akiwa mzee wa miaka sabini na tatu, mgongo unauma, meno manne kinywani. Jumanne akaamka kijana.

Hakugundua papo hapo. Kwa kawaida kuamka kwake kulikuwa kazi ya hatua tano: kugeuka, kuguna, kushika ukingo wa kitanda, kumtaja Bikira Maria, kuinuka. Siku hiyo alijikuta amesimama wima katikati ya chumba na hakukumbuka kufanya hata moja. Akapitisha ulimi kinywani. Meno yote yapo, yamejipanga kama punje kwenye gunzi. Akacheka kwa sauti, na sauti yenyewe ikamshangaza, ilivyokuwa nene.

Mkewe Clotilda akafumbua macho, akaona kijana asiye na shati anacheka chumbani kwake. Akashika kiatu.

—Mwizi!

—Mama Elick, ni mimi!

Kiatu kilimpata begani. Cha pili Clotilda alikiinua, kisha akakishusha polepole. Alikuwa ameitambua ile sura. Ndiyo sura iliyokuja kwao Nyakisasa kumjengea baba yake jiko, ikakaa wiki tatu kwa kazi ya siku nne. Akamtazama. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

—Toka, akasema. —Nenda huko kijiweni kwenu. Niache nifikiri.

—Unafikiri nini?

—Nikijua, nitakuja kukwambia.

Basi Timazi akavaa suruali yake, ambayo sasa ilimbana mapajani na kumpwaya kiunoni, akapanda kwenda mjini. Alitembea haraka kuliko alivyokusudia. Moyo ulikuwa na furaha kubwa na hofu ndogo, na kila aliporuka mtaro ile furaha iliongezeka. Akarudi nyuma akauruka mmoja mara ya pili, bila sababu.

Alipofika benchini akafanya alilofanya kila siku: alikwenda moja kwa moja ukutani, akakaa, akanyoosha miguu.

Wazee wakageuka wote kumtazama.

—Kijana, hapo pana mwenyewe, akasema Frednand. Huyu wanamwita Wakili. Alikuwa karani wa mahakama kule Biharamulo miaka thelathini, akasikia kesi nyingi mpaka akajipandisha cheo mwenyewe.

—Mwenyewe ni mimi.

—Na shikamoo iko wapi? akadakia Gidioni. Huyu ni Redio: habari zote za wilaya hupita kwake, na nyingine huanzia kwake. —Watoto wa siku hizi wanakaa kabla ya kuamkia!

—Nikuamkie wewe, Gidioni? Wewe uliyekuwa unanibebea maji ya udongo na kaptula yako imetoboka nyuma?

Gidioni akageuka kumtazama Mayunga. Mayunga alikuwa mfugaji aliyekuja Ngara kuuza ng'ombe watatu, akaoa, akasahau kurudi. Na kwake herufi r na l zilikuwa mapacha, yeyote angeweza kukaa mahali pa mwenzake.

—Huyu anaumwa, akasema Mayunga. —Tumpereke kwao taratibu.

Timazi akaona maneno hayatatosha.

—Frednand, akasema. —Vua soksi ya kushoto.

—Nini?

—Ivue, waone kizibo cha soda. Tangu Pasaka, kila tukicheza drafti, unaongeza kizibo kutoka kwenye soksi. Nilikuona siku ya kwanza. Nikanyamaza kwa sababu ulikuwa ndiyo kwanza umemzika mkeo Francisca, nikasema, mwache huyu ashinde hata kitu kimoja.

Wakili hakuvua soksi. Lakini mkono wake ulishuka wenyewe, ukafunika kifundo cha mguu, na benchi zima likauona.

—Timazi? akasema kwa sauti ndogo.

—Ndiyo, ndugu yangu.

Kilichofuata kilikuwa kelele. Redio alimshika mashavu akayavuta kama mtu anayekagua ngozi ya ngoma. Mayunga akamfunua mdomo, akamhesabu meno kama ndama wa mnadani, akatangaza kwamba mnyama ni mzima. Odeta akamwaga kahawa nusu kikombe kwenye viatu vyake na asijue.

—Jana tu nilikushika mkono kuvuka barabara, babu! akasema Odeta, kisha akajirudi. —Babu... kaka... jamani, nikuiteje?

—Niite jina langu, unipe kahawa.

Wakamtaka athibitishe. Akatafuna hindi la kuchoma mpaka likabaki gunzi tupu, na kule kupasuka kwa punje chini ya magego kulimpa raha aliyokuwa ameisahau kabisa, akafumba macho. Wakamtaka aonyeshe nguvu. Akaingia dukani, akatoka na mfuko wa saruji kila bega, akazunguka benchi mara mbili, mwenye duka akimfuata nyuma akisema wewe kijana, kazi unaitaka? Watu wa sokoni wakasimama kutazama. Timazi akacheka, wazee wakacheka, hata wasiojua kinachochekwa wakacheka.

Kisha wakakaa, kwa sababu jambo kubwa kama hilo haliwezi kuachwa bila kuelezwa.

—Mimi najua ilivyokuwa, akaanza Redio. —Ni maji ya mto Ruvubu. Ijumaa ulipita huko.

—Niliosha miguu tu.

—Ndiyo hivyo! Miguu ikaanza, mwili ukafuata. Mvumilivu hula mbivu. Wewe umevumilia umepitiliza, ukarudi mbichi.

—Maji hayana mamlaka hayo, akasema Wakili. —Hili ni suala la faili. Kule juu kuna masijala. Malaika karani anachukua faili la Privatus ili alisogeze mbele siku moja, simu inaita, anageuka, akirudi anafungua ukurasa wa nyuma. Nimeona mahakamani. Mtu mmoja alihukumiwa kwa kosa la baba yake kwa sababu ya ukurasa.

—Na wakigundua? akauliza Odeta.

—Watarekebisha. Lakini masijala, mama, inaweza kuchukua miaka arobaini.

—Hapo sawa, akasema Timazi.

Mayunga akatikisa kichwa. —Ninyi hamjakaa na ng'ombe. Babu yangu alikuwa na ng'ombe mmoja jike, alizeeka mpaka akasahau njia ya maji. Asubuhi moja tukamkuta anaruka ruka. Kweri kabisa. Akazaa tena ndama wawiri. Sisi tukafurahi. Lakini yule ng'ombe hakusimama hapo. Kira wiki anapungua. Akawa mtamba. Akawa ndama. Mwisho tukamkuta ananyonya kwa mjukuu wake.

—Mwisho kabisa ikawaje?

—Siku moja zizi rikawa na ng'ombe pungufu.

Redio akapiga mahesabu kwa vidole. —Yaani kama leo ni ishirini na mitano, kesho kumi na mitano, keshokutwa mitano...

—Alhamisi Mama Elick anambeba mgongoni, akamalizia Odeta, akashika mdomo.

Wakacheka, lakini Timazi alitazama mikono yake. Ilikuwa laini, haina hata kovu moja la nyundo. Makovu yale alikuwa ameyachuma moja moja, kila nyumba na lake, na angeweza kukuonyesha hili ni la zahanati, hili ni la nyumba ya mapadri. Sasa viganja vilikuwa kama ukuta uliopigwa lipu jana. Akavifunga ngumi, akaviweka mapajani.

Simu ikaita mfukoni mwake. Ni mwanawe wa kwanza, Elick, mwalimu mkuu kule Biharamulo, mwenye miaka arobaini na saba na kitambi.

—Halo, Elick. Hamjambo huko?

—Nani mwenzangu?

—Baba yako.

—Dogo, mpe mzee simu.

—Mzee ndiye mimi.

—Sikiliza, dogo. Mimi nafundisha watoto wa aina yako kila siku. Jumamosi nakuja huko. Nikikukuta bado umeshika simu ya baba yangu, nitakuchapa mbele ya watu.

Ikakatika. Benchi zima lilikuwa limesikia.

—Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, akasema Redio kwa upole. —Ulimchapa, sasa ni zamu yake.

—Hapana, hilo lina uzito kisheria, akasema Wakili, akakaa vizuri. —Elick ni mkubwa kwako. Nani atamwamkia mwenzake? Kwenye ukoo nani atagawa shamba? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, haya, mkuu ni nani hapo? Halafu kuna kadi yako ya matibabu ya wazee. Utafika dirishani na uso huo, watakuita mwizi. Kanisani ulikuwa mzee wa jumuiya. Kesho vijana watakuja kukudai uingie kwaya, wana upungufu wa besi. Na hilo si kubwa. Kubwa ni ndoa.

—Ndoa imefanya nini?

—Cheti kinasema Privatus. Privatus yupi?

—Padri alisema mpaka kifo kitutenganishe, akasema Timazi. —Hakusema mpaka ujana ututenganishe.

—Basi kuna pengo kwenye sheria, akasema Wakili, akafurahi kama mtu aliyeokota kitu.

Redio akamsogelea, akashusha sauti, ingawa sauti yake haikuwahi kushuka vya kutosha.

—Timazi, tuseme ukweli kama wanaume. Wewe sasa ni kijana. Yeye ni bibi. Nyumba zote za wilaya hii zina mabinti. Naweza kuulizia, kesho tu una posa. Samaki mkunje angali mbichi.

—Mkunje nani?

—Wewe! Ndiye mbichi.

—Hiyo methali ni ya malezi, akasema Wakili.

—Methali ni ya anayeitumia.

Timazi akainuka. Alipoinuka benchi likatikisika, na Redio akajikuta anaangalia juu. Kwa miaka mingi hasira za Timazi zilikuwa za maneno, kwa sababu mwili haukuwa na la kuongeza. Sasa aliisikia damu imejaa shingoni, akajiogopa mwenyewe. Akarudi chini.

—Gidioni, yule mwanamke alinilisha kwa kijiko miezi miwili nilipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Usirudie.

—Nimefuta, akasema Redio haraka. —Haikutangazwa.

Odeta akasema yeye anaamini ni sala tu. Mtu akimsalia mwenzake kila siku, ipo siku sala inafika zote kwa pamoja kama mvua ya masika. Hakuna aliyembishia. Na hapo ndipo walipomwona Clotilda.

Alikuja taratibu, kitenge cha bluu kimefungwa vizuri, kilemba kichwani, na majembe mawili begani. Alikuwa hajawahi kufika kwenye benchi lile hata siku moja. Wake za wazee hutuma mtu kuwaita waume zao. Wote wakasimama, hata Mayunga, ambaye goti lake hukubali kusimama mara mbili tu kwa siku.

—Karibu, Mama Elick, karibu kahawa, akasema Wakili.

—Asante, Baba. Sikuja kukaa.

Akashusha majembe, akayaegemeza ukutani. Timazi alimtazama kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Mkewe alikuwa amekunjamana kama alivyokuwa jana, na yeye hakujua aweke wapi uso wake mpya.

—Nimefikiri, akasema Clotilda. —Nimefikiri huku napepeta maharage, nimemaliza ungo mzima. Ilikuwaje, sitaki kujua. Hayo najua ninyi mmeshayamaliza.

—Tumefikia mahali pazuri, akasema Redio.

—Vizuri. Basi mna akili za kunisaidia, nina swali moja tu. Miaka arobaini na nane nimeishi na huyu mtu. Nilipoanza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano, nikamwita, naye hakuliona tundu, tukacheka mpaka tukaacha kushona. Nilipoanza kusahau majina ya wajukuu, yeye alikuwa anayasahau tangu zamani, tukawaita wote Njoo. Kila kitu cha uzee kilipobisha hodi tulikifungulia wawili. Leo namwona alivyo mzuri. Mana yanje, Mungu wangu, alivyo mzuri! Nafurahi, wala sitanii. Lakini vingine bado viko njiani vinakuja, na hivyo ndivyo vizito. Sasa niambieni. Mimi nitazeeka na nani?

Redio akanyoosha vidole vyake vya mahesabu, akavikunja tena. Mayunga alitafuta ng'ombe wa kufananisha naye, akamkosa. Wakili akatazama viatu vyake.

—Hilo, Mama Elick, akasema mwishowe, —mimi najiuliza tangu Pasaka.

Clotilda akamgusa bega, akaacha mkono pale kidogo. Kisha akageuka kwa mumewe.

Timazi alitaka kujibu: na mimi. Neno lilikuwa tayari ulimini, kati ya yale meno mazuri, lakini aliona jinsi ambavyo lingesikika likitoka kwenye uso ule. Akatafuta jingine.

—Sijui, Clotilda, akasema. Mbele za watu hakuwahi kumwita kwa jina.

Mkewe akavuta pumzi, mabega yakashuka.

—Afadhali. Ungejibu haraka ningejua unanidanganya.

—Umekasirika?

—Nilikuwa nimeogopa. Umekuwa kijana, nikadhani hutarudi nyumbani. Nikasema nisingoje, nije nione, akasema Clotilda. Akachukua jembe moja, akamtupia. Timazi akalidaka kwa mkono mmoja, na macho ya mkewe yakang'aa bila kujizuia. —Shamba la juu halijaona jembe miaka sita kwa sababu mimi na wewe tulishindwa kupanda kilima. Migomba imesongwa na majani mpaka naona aibu kupita na jirani. Nguvu hizi kama ni za leo tu au ni za miaka, hakuna ajuaye. Mungu hakukupa za kukalia benchi.

—Na mama mwenyewe utapandaje kule? akauliza Odeta.

—Huyu amebeba saruji ya watu bure asubuhi nzima, nimesimuliwa njiani. Mimi nina uzito wa mfuko mmoja na nusu.

Benchi likapiga kelele. Redio alitoa taarifa kwa mtaa mzima. Mayunga akasema kuna ng'ombe aliyewahi kubebwa, wakamnyamazisha. Wakili akanyanyua kikombe kuwatakia heri, akakuta ni kikavu. Odeta akainamisha birika, likatoa tone moja la machicha.

—Imekwisha, akasema. —Nendeni mkaone wake zenu, wenye wake. Wakili, wewe baki, nitakupikia nyingine.

Wale wawili wakaanza kushuka. Timazi alibeba majembe yote, na mara mbili akajikuta yuko mbele hatua ishirini. Mara ya kwanza alisimama kumngoja. Mara ya pili alirudi. Mara ya tatu haikutokea. Miguu ilikuwa imeshaujua mwendo.

Kwenye kona ya soko kijana wa bodaboda alipunguza mafuta, akawatazama, akacheka vizuri tu, bila ubaya.

—Shikamoo bibi! Mjukuu wako amekua, mashallah!

—Marahaba, akasema Clotilda. —Siyo mjukuu. Ni mume wangu wa ndoa, tulifungishwa na padri kabla mama yako hajazaliwa.

Pikipiki ikayumba, ikapanda kwenye rundo la viazi vya watu, ikashuka upande wa pili. Clotilda akacheka. Alicheka akiwa amejishika kiuno, kilemba kinamteleza, akasimama katikati ya barabara akishindwa kuendelea, na wauza nyanya wakaacha kupanga nyanya zao ili wamtazame. Halafu, akiwa bado anacheka, akanyoosha mkono, akaushika mkono wa mumewe, vidole ndani ya vidole, mchana kweupe, mbele ya soko zima, jambo ambalo hawakuwahi kuthubutu kulifanya hata walipokuwa vijana wote wawili.